Helikopta za Jirani

Tarehe 1 Machi, 2000, katika bonde la mto Limpopo, kusini ya Msumbiji, mama mmoja alijifungua mtoto wa kike juu ya mti. Maji yalikuwa yamemzunguka kwa siku kadha. Helikopta ya jeshi la Afrika Kusini ikasimama hewani, mtumishi wa afya akateremshwa kwa kamba, akamkata mtoto kitovu palepale matawini, kisha mama na mwanawe wakavutwa juu. Picha zao zilienea dunia nzima, na machozi mengi yalimwagika katika miji iliyokuwa mbali sana na maji yale.

Sisi twauliza helikopta nyingine zilikuwa wapi. Kimbunga Eline kilikuwa kimepiga tangu tarehe 22 Februari, na mji wa Chokwe ulikwisha kuzama kabla mwezi haujaisha. Muda huo wote walioruka juu ya mafuriko walikuwa hasa marubani wa Afrika Kusini na helikopta zao chache. Huko London, wizara mbili za serikali moja zilikuwa zikibishana juu ya gharama ya helikopta. Watu wapatao 700 walikufa. Hatusemi kwamba ndege zingewaokoa wote. Wala si haki kuwasahau wenye mashua, ambao waliokoa watu wengi kuliko helikopta zote. Lakini mashua haiwezi kumfikisha hospitali mgonjwa mahututi aliye mbali, na njia zote zimekatika.

Wengi hudhani kazi ya helikopta ni kumwopoa mtu majini. Hiyo ni nusu tu. Aliyevunjika mguu, mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto anayeharishwa na maji machafu, wakishushwa juu ya kilima kikavu pasipo mganga, wamebadilishiwa tu mahali pa kufia. Sharti awepo mtumishi wa afya ndani ya ndege; sharti ijulikane nani atangulie na nani angoje; na hospitali itakayowapokea iwe imekwisha pata habari, tena iwe na mahali pa kutua. Mambo haya hayatungwi siku ya gharika.

Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira. Barabara ya kwenda bara ilikatika, hospitali kuu ikaharibiwa, na helikopta zikawa haba tena, miaka 19 baada ya ule mti wa Limpopo! Tanzania ilipeleka dawa na chakula, nasi tulifanya vyema. Ila dawa iliyofika uwanja wa ndege haijamfikia mgonjwa aliye juu ya paa.

Majeshi ya anga ya nchi zetu yana helikopta. Tunawataka mawaziri wa SADC wakae kabla ya mvua, si baada yake, watie sahihi nani atalipa mafuta, rubani avuke mpaka kwa idhini ya nani, na mgonjwa wa nchi hii apokewe katika hospitali gani ya nchi ile. Kituo cha jumuiya cha kushughulikia maafa kimewekwa Nacala. Basi na kiulizwe leo: kikipiga simu usiku, zitakuja helikopta ngapi, na baada ya saa ngapi?