Haki ya Mgonjwa wa Kifafa ni Dawa Isiyokatika

Kijana tuliyemzika katika moja ya jumuiya zetu hakuchukuliwa na mafuriko. Maji ya kijito alimoanguka yalifika magotini tu. Alikwenda kufua nguo peke yake, kifafa kikamshika, akaanguka kifudifudi, na waliomtafuta jioni walimkuta amekwisha kufa. Nyumbani kwao tulionyeshwa cheti chake cha kliniki, kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Mganga alikuwa ameandika fenobabito, ya kumezwa kila jioni. Chini yake, kwa mwandiko mwingine, liliandikwa neno ambalo wengi wetu twalijua: “Hakuna.” Lilikuwa limeandikwa mara mbili, kwa tarehe mbili tofauti.

Tulichanga, kama ilivyo desturi. Jumuiya ilitoa jeneza, sanda, unga, maharage, na baadaye saruji ya kaburi. Hatujutii kufanya hivyo wala hatutaacha. Lakini matanga yalipokwisha, baadhi yetu tulikaa tukapiga hesabu, nayo hesabu ile ilitutia aibu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba dawa za kifafa za kila siku zaweza kugharimu dola 5 tu za Kimarekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima. Fedha ya jeneza peke yake ingemtosha marehemu kwa miaka mingi.

Basi tusidanganyane kwamba huu ni ugonjwa usio na dawa. Fenobabito imetumika tangu mwaka 1912, yaani ni ya zamani kuliko wazee wetu wote walio hai. Shirika hilohilo lasema kwamba hadi wagonjwa 70 katika kila 100 waweza kuishi bila kuanguka kabisa wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini lasema pia kwamba katika nchi maskini wagonjwa watatu kati ya wanne hawapati tiba wanayoihitaji.

Nchi yetu ya Tanzania ina ushuhuda wake katika jambo hili. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, akiwatibu wagonjwa kwa fenobabito hiyohiyo. Mwaka 1992 yeye na daktari Rwiza walichapisha habari za wagonjwa 164 wa huko katika muda wa miaka 30. Kati yao 110 walikuwa wamekwisha kufa, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe. Miongoni mwao wamo waliozama majini na walioungua moto. Kijito na mafiga, vitu vya kila siku katika kila nyumba yetu! (Uchunguzi wa miaka ya karibuni huko Mahenge umeonyesha pia uhusiano kati ya kifafa na ugonjwa wa usubi unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni, lakini hilo lastahili makala yake.)

Kwa nini, basi, dawa rahisi namna hii hukosekana dirishani? Sababu si moja. Fenobabito imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, hivyo uagizaji wake una vibali vingi kuliko dawa ya maumivu ya kichwa. Tena ni dawa yenye faida ndogo, na mfanyabiashara hakimbilii kidonge kisicho na faida. Lakini sababu inayotuhusu zaidi imo katika daftari la zahanati. Zahanati huagiza dawa kwa kutazama ni kiasi gani kilichotumika katika kipindi kilichopita. Mgonjwa aliyetembea saa tatu, akaambiwa “hakuna”, mara ya pili akaambiwa vilevile, mara ya tatu haji. Asipokuja, haandikwi. Asipoandikwa, daftari laonyesha kwamba kata hii ina wagonjwa wawili au watatu wa kifafa, na vidonge vinavyoagizwa ni vya hao wawili au watatu. Hivyo uhaba wa leo huzaa uhaba wa kesho, na hakuna mtu hata mmoja awezaye kusemwa kuwa ndiye aliyekosa. Ongeza hapo familia zinazomficha mgonjwa ndani kwa aibu, utaona jinsi watu wengi wanavyopotea katika hesabu za taifa huku wakiishi jirani nasi.

Na dawa hii si kama ya malaria, ambayo mtu humeza siku chache akamaliza. Anayeitumia akiikatisha ghafla aweza kushikwa na kifafa mfululizo, kikali kuliko kile cha kabla ya kuanza tiba. Wazazi hawaelezwi jambo hili. Wakiona chupa inakaribia kuisha, hugawa kidonge vipande viwili ili kiwafikishe mwisho wa mwezi, wakidhani wanaweka akiba.

Tutaambiwa kwamba serikali imekwisha kuwajali wanyonge hawa. Ni kweli kwamba tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, wagonjwa wa magonjwa sugu wametajwa miongoni mwa wanaostahili msamaha. Ni kweli pia kwamba Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Twayapokea yote mawili kwa shukrani. Lakini kusamehewa malipo ya dawa isiyokuwepo ni msamaha gani? Kadi ya bima haijazi rafu. Mwenye fedha akiambiwa “hakuna” huenda duka la mjini. Asiye nazo hurudi nyumbani na cheti chake. Sheria ni moja kwa wote wawili, ila ni mmoja tu anayelala akiwa amemeza dawa.

Hatuna budi kujinyoshea kidole sisi wenyewe pia. Bado wapo miongoni mwetu wanaomkimbia mtu aanguapo kanisani, wakiogopa mate yake, ingawa kifafa hakiambukizwi kwa mate. Tena wapo viongozi wa sala, na tunasema bila kuficha, wanaowaambia wagonjwa watupe vidonge ili waonyeshe imani. Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu. Kumnyang’anya dawa yake ni kumweka katika hatari ya kufa, na kiongozi afanyaye hivyo asiendelee kuongoza.

Kila kituo cha afya cha serikali kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Wajumbe hao wana haki ya kuuliza dawa gani ziliombwa Bohari ya Dawa, zipi zililetwa, na fedha za kituo zilitumikaje. Bohari ikikosa dawa, upo utaratibu wa kununua kwa mshitiri wa mkoa, ulioenea nchi nzima tangu mwaka 2018. Tumewauliza wajumbe wawili kama jambo hilo limewahi kujadiliwa kwa ajili ya kifafa. Mmoja hakujua kwamba dawa hiyo hukosekana. Hatumlaumu, maana hakuna aliyemwambia, na sisi tuliokuwa tukizika tulinyamaza.

Kwa hiyo kamati yetu imenunua daftari. Ndani yake tutaandika tarehe, aina ya dawa, na jibu lililotolewa dirishani, bila jina la mgonjwa. Kila baada ya miezi mitatu litapelekwa kwa kamati ya kituo na nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Tunaomba kila jumuiya iteue mtu mmoja wa kuwatembelea wagonjwa wa kifafa walio katika eneo lake, hasa wale wasioonekana kwenye mikutano, na kutuletea idadi yao kabla ya mwisho wa mwezi ujao.