Mabomba marefu ya fundi wa Kinampanda, mnacheka nini?

Kuna klipu ya fundi mmoja wa Kinampanda, kule Iramba, inazunguka WhatsApp. Jamaa kakata mabomba sita ya alumini, kayachomelea kwenye manifodi ya Mark II, na watu wanacheka eti marefu kama mipira ya shisha.

Kumbe urefu ndio mchongo wenyewe! Bomba refu jembamba linaipa injini nguvu kwenye mizunguko ya chini. Fupi na pana ni mambo ya resi. Hata Toyota kwenye 2JZ-GE waliweka ACIS, inayobadilisha urefu wa njia ya hewa gari likiwa linatembea. Sasa mtu anayepanda Sekenke na mzigo, resi ya nini?

Kosa lake liko kwingine: weldi imemwagikia ndani. Hapo hewa inakwama. Na kukibaki katundu kadogo tu, injini inavuta hewa ambayo sensa haikuipima, sailensa inapanda na kushuka. Apige tupa kwanza, ndipo afunge gasketi.

Nyie mlionunua silensa ya kelele tu, pozeni. Anayejua gereji yenye agoni kuanzia Kiomboi hadi Singida mjini aitaje hapo chini, jamaa anaihitaji kuliko emoji zenu.