Malezi ya Nyumbani: Utulivu wa Mtoto Mchanga Usituhadae



Tuliitwa asubuhi moja kumwadhinia mtoto aliyezaliwa usiku kabla ya miezi yake kutimia. Bibi yake alimsifu: "Mtulivu huyu, Maalim, tangu alfajiri hajalia wala hajataka ziwa." Nasi tukamsifu. Mkunga alipofika akamkuta mwili baridi, amelegea, mikono yatetemeka. Akahimiza apelekwe hospitali, na tone la damu ya kisigino lilipopimwa, sukari ilikuwa chini mno. Alipona, alhamdulillahi, sisi tukabaki na haya, kwani tulisifu maradhi.

Mtoto akiwa tumboni hupata sukari kwa mama kupitia kitovu. Kitovu kikikatwa riziki hiyo hukoma, na sukari hushuka katika saa 2 za mwanzo. Mtoto mzima hutumia akiba ya mwilini mwake mpaka maziwa yatoke kwa wingi. Bali aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, au aliyepigwa na baridi, akiba yake ni haba. Mtoto wa mama mwenye kisukari naye yumo hatarini, hata akiwa mnene. Hawa wapimwe hata wasipoonyesha dalili, maana ubongo ukikosa sukari kwa muda waweza kudhurika daima.

Basi mtoto anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, akiwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Kisha kila baada ya saa 2 au 3, hata kwa kuamshwa. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, msiyamwage mkidhani ni machafu. Asiyeweza kunyonya akamuliwe, anyweshwe kwa kikombe. Tahniki ni sunna, lakini ni kionjo cha tende iliyolainishwa, si chakula, isicheleweshe ziwa. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka, kwani huweza kubeba vijidudu vyenye sumu kwake.

Akitetemeka, akilegea, akikataa ziwa au akishikwa na degedege, apelekwe hospitali upesi, naye afunikwe vema kifuani kwa mama njia nzima.

Suratul Baqara, aya ya 233, imetutajia miaka 2 ya kunyonyesha. Miaka hiyo huanza kwa saa ya kwanza, tusiipoteze.

Wabillahi tawfiq.