Tone la jichoni halizuii taifodi ya kuku

Ndugu mfugaji, kila mara nasikia: "Bwana mifugo, kuku nimechanja, mbona wanakufa?" Nikiuliza, amechanja kideri. Tone lile la jichoni hukinga kideri tu, tena hurudiwa kila miezi 3. Taifodi ya kuku huletwa na bakteria wa Salmonella. Chanjo yake ni nyingine, ya sindano.

Dalili: kuku anazubaa, upanga unapauka, anahara kijani-njano. Dawa humwinua, lakini aliyepona anaweza kubaki na vijidudu na kuvipitisha hata kwenye yai.

Maoni yangu: aliyepona asiuzwe wa kufuga, iwe Katesh au Dongobesh. Siku za kusubiri baada ya dawa zikiisha, achinjwe, apikwe aive. Waliokufa wafukiwe.

Nawe mchuuzi, kuku mgonjwa wa bei ya kutupa ni hasara ya kijiji kizima ndani ya tenga lako.

Taifodi ya watu ni nyingine, lakini Salmonella wengine wa kuku hutuharisha. Nawa mikono. Kuku wapya watenge wiki 2. Hao ndio ada ya mtoto.