Tandiko kuukuu la mtandaoni laweza kumlemaza farasi

BIASHARA ya matandiko ya farasi yaliyokwisha kutumika imeshamiri mitandaoni nchini Uingereza, ila hatari kuu haionekani pichani. Chini ya ngozi inayong'aa mna kiunzi cha mbao au plastiki ngumu. Kikivunjika, uzito wa mpandaji hauenei tena pande mbili za uti wa mgongo, bali huelemea mahali pamoja. Farasi, asiye na kinywa cha kulalama, huonekana mkaidi tu, na huenda akachapwa kwa kosa la tandiko.

Sheria nayo ina mwanya. Kanuni za 2013 humruhusu mnunuzi wa mtandaoni kughairi ndani ya siku 14, lakini humbana mfanyabiashara pekee. Mtu binafsi anayeuza tandiko lake haguswi, na fundi huitwa kulikagua baada ya fedha kulipwa.