Acheni Kumhoji Mtoto Mara Tano

Wengi wetu Kigali tunaamini kwamba jambo la kutisha likimpata mtoto hubaki kichwani mwake vilevile, kwa hiyo akinyamaza au akijikanganya, dawa ni kumwuliza tena hadi aseme yote. Mama anamwuliza, shangazi anarudia, mwalimu anaongeza lake, kiongozi wa mudugudu naye anataka kusikia kwa masikio yake. Kituo cha Isange kilianza 2009 katika hospitali ya polisi Kacyiru ili mhanga wa ukatili apate daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja, asizungushwe. Lakini mtoto aliyezungushwa nyumbani na shuleni hufika pale maneno yake yakiwa yameshachanganyika na ya wakubwa. Imani hiyo ni potofu, na wanaoumia ni watoto.

Hofu kali hukaza kiini cha tukio: nani, alifanya nini, palipouma. Saa, siku, rangi ya shati na kipi kilitangulia huponyoka. Mwaka 1984 mtu aliwafyatulia risasi watoto katika uwanja wa shule mjini Los Angeles. Robert Pynoos na Kathi Nader walipowahoji wanafunzi baadaye, waliokuwa hatarini zaidi walijiweka mbali na risasi, na baadhi ya wasiokuwepo walisimulia kana kwamba walikuwepo. Hao si waongo. Ndivyo kumbukumbu inavyojijenga upya. Maswali nayo huijenga. Katika jaribio la Stephen Ceci na wenzake nchini Marekani, watoto wa chekechea waliulizwa kila wiki kuhusu mambo ambayo hayakuwahi kuwapata, kwa mfano kubanwa kidole na mtego wa panya. Baada ya takriban wiki kumi, zaidi ya nusu walikuwa wamesimulia angalau kisa kimoja cha kubuni, na kwa undani. Mtoto wetu, aliyelelewa asimpinge mkubwa, akiulizwa “Alikushika hapa, sivyo?” kisha akaulizwa tena lilelile, huona jibu lake la kwanza halikutakiwa.

Nitaambiwa nawapa wanajisi mwanya. Mwanya huo wanaupata sasa hivi, wakili anapoweka masimulizi matano ya mtoto mmoja mbele ya hakimu na kuonyesha yanavyopingana. Mtoto anayeachwa aseme kwa maneno yake husema machache, na kwa kawaida ni ya kweli.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika historia yetu: wanaokana mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hushikilia kila tofauti katika ushahidi wa manusura. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilishalijibu katika hukumu ya Akayesu, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, tarehe 2 Septemba 1998, ilipokubali kwamba muda na kiwewe huleta tofauti zisizomfanya shahidi kuwa mwongo. Katika uchunguzi uliofanyika 1995 kwa zaidi ya watoto 3,000 wa Rwanda, 15% walisema walinusurika kwa kujificha chini ya maiti. Mtoto aliyepitia hayo anaweza kukosea tarehe, asikosee nani aliuawa. Kumdai saa na dakika ni kumlazimisha abahatishe, na kubahatisha huko ndiko mkanaji anakokusubiri.

Kwa hiyo atakayesikia kwanza, awe mama au mwalimu, aseme tu “Niambie”, asikilize, aandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa pamoja na swali lililoyatangulia, kisha ampeleke Isange siku hiyohiyo. Maswali mengine ni ya mhoji mmoja aliyefunzwa, kinasa sauti kikiwa kimewashwa.