Paka Akipotea, Inama Uvunguni

Safari hii tuzungumze juu ya paka. Usicheke. Paka wa nyumbani hasifiwi. Tunampa vichwa vya samaki, tunamfukuza jikoni, basi. Siku akikosekana ndipo tunapojua kuwa alikuwa mwenzetu.

Tuseme wewe unakaa Bagamoyo, mtaa wa Dunda. Juzi jioni paka wako alikula kama kawaida. Asubuhi hakuonekana. Watoto walimwita, hakuja. Sasa ni siku ya pili. Usiku panya wanakimbizana darini. Gunia la mchele limetobolewa pembeni. Wavu uliotundikwa ukumbini umetafunwa. Na mtoto wako mdogo, aliyezoea kulala na paka miguuni, hataki kula.

Watu watakuambia, "Yule ni paka tu, atarudi mwenyewe." Wengine watasema, "Huyo kesha kufa, tafuta mwingine." Maneno haya yanaonekana kama yanapingana. Lakini yote mawili yana matokeo mamoja. Yanakufanya ukae kitako, usitafute.

Ndugu msomaji, tafuta. Tena tafuta karibu.

Mwaka 2018 watafiti walitoa habari walizokusanya kwa watu 1,210 waliopotelewa na paka katika nchi za ng'ambo. Waliwauliza, paka wako alipatikana wapi? Majibu yao ni ya kushangaza. Katika kila paka wanne waliopatikana, watatu walikuwa ndani ya mita 500 kutoka pale walipotokea. Mita 500 ni kama viwanja vitano vya mpira vikipangwa mstari mmoja. Kwa miguu ni mwendo wa dakika sita au saba. Tena ilionekana kuwa wale waliokwenda kutafuta kwa macho na mikono yao walikuwa na nafasi zaidi ya kumpata paka akiwa hai.

Sasa utauliza: kama yuko karibu, kwa nini haitiki?

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui. Paka aliyeogopa halii. Mbwa akipotea hubweka na kukimbia huku na huku. Mbuzi hulia mpaka mtaa mzima usikie. Paka hujibanza mahali pembamba akanyamaza kimya. Yeye ni mwindaji, lakini naye ni mnyama mdogo anayeweza kuwindwa. Mwili wake unamwambia kuwa akitoa sauti, adui atamjua alipo. Kwa hiyo akifukuzwa na mbwa, au akigongwa na baiskeli, au akijikuta katika ua asioujua, huingia tunduni. Unaweza kupita hatua mbili kutoka kwake ukiliita jina lake, naye anakusikia na kukutazama tu. Si kiburi. Ni hofu.

Wazee walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Methali hii ina maana nyingi, lakini kwa paka ichukue kama ilivyo. Inama hasa. Piga magoti. Anza nyumbani kwako kabla hujatoka nje. Tazama uvunguni mwa kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya tenga, ndani ya pipa tupu. Kama nyumba yako ni ya udongo na makuti, weka ngazi utazame pale juu ambapo ukuta unakutana na paa. Kama una dari, panda. Funua magunia moja moja. Watu wametafuta mtaa mzima, kumbe paka kafungiwa ndani ya sanduku la nguo.

Kisha toka uani. Bagamoyo ni mji wa mafichoni. Sijui mji mwingine wenye nafasi nyingi za paka kujificha kama huu. Kuna nyumba za mawe za zamani, nyingine zimeanguka nusu, zimeota miti ndani ya kuta. Pwani kuna mashua zilizopinduliwa zikisubiri kukalafatiwa. Kuna madema yamepangwa juu kwa juu. Kuna marundo ya makuti na vifuu. Penye soko la samaki kuna vibanda vya kukaangia, navyo vina joto hata usiku. Ukikaa Kaole au Mlingotini, una vichaka na mikoko pia. Yote haya unaweza kuyapita mchana usione kitu.

Basi nenda usiku.

Mchana kuna watu, pikipiki na mbwa. Paka mwenye hofu hatoki. Usiku mtaa ukitulia ndipo anapoanza kusogea. Chukua tochi. Usiishike chini kiunoni. Iweke karibu na jicho lako, usawa wa shavu, uangaze polepole chini ya kila kitu. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo. Mwanga ukimpata, macho yatawaka kama vitufe viwili vya kijani au manjano. Ukishika tochi mbali na jicho lako, mwanga huo hautarudi kwako, na hutamwona. Lakini kumbuka, macho ya fungo na kanu nayo huwaka. Usiingize mkono kabla hujajua aliyemo.

Mwite kwa sauti ya chini, ile ile unayomwitia chakula. Watu wengi wa pwani humwita paka kwa midomo tu, psi psi psi. Basi fanya hivyo. Kaanga dagaa kidogo jioni, harufu itembee. Kisha simama. Usitembee tembee. Nyamaza dakika tano, usikilize. Paka aliyekunyamazia jioni huenda akalia saa nane za usiku, mara moja tu, kwa sauti ndogo. Ukiwa unazungumza na mwenzako hutaisikia.

Lakini usiache sahani ya dagaa nje usiku kucha. Watakuja mbwa, watakuja siafu, na atakuja paka shume. Paka shume ni dume lililohama nyumba likawa halina mwenyewe. Likishika mahali, paka wako hatathubutu kupasogelea. Badala ya chakula, weka mlangoni lile gunia analolalia. Harufu yake mwenyewe itamwelekeza.

Sasa tufike kwa majirani. Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana paka hajui mpaka wa kiwanja. Anaingia stoo ya mtu kumfuata panya, mwenye stoo anafunga mlango bila kujua, anakwenda zake. Huenda amekwenda Zanzibar na jahazi, hatarudi mpaka wiki ijayo. Mnyama yumo ndani, hana maji. Paka anaweza kuvumilia njaa kidogo, lakini kiu hawezi kuivumilia muda mrefu. Kwa hiyo usingoje siku nyingi. Uliza ni nani ameachiwa ufunguo.

Na uulizapo, uliza vizuri. Usiende kwa jirani ukasema, "Paka wangu mmempeleka wapi?" Hapo umekwisha kumfanya mwizi. Hata kama alikuwa na habari, hatakupa. Piga hodi. Ukikaribishwa, salimia kwanza. Kisha sema hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Ila paka wetu hajaonekana tangu juzi. Ni wa kijivu, ana doa jeupe kifuani. Naomba tukaangalie pamoja katika stoo yako."

Bibi gani atakataa? Atakwenda mwenyewe na ufunguo. Tena atakuambia ya nyumba ya pili na ya tatu, maana bibi huyo ndiye anayejua nani kaanika nini na nani kafunga wapi. Usiseme "utazame nafasi ukipata." Omba mtazame wote sasa hivi. Mtu akiambiwa atazame, hufungua mlango, hutupa jicho, hufunga. Wewe unamjua paka wako. Utainama.

Kama una picha yake katika simu, waonyeshe watu. Waulize pia watoto. Watoto wa mtaa wanajua kila tundu. Waambie wakimwona wasimkamate wala wasimkimbize, waje wakuite. Pita kwa wachuuzi wa samaki, maana paka mwenye njaa ataelekea huko. Waulize na wapakiaji wa malori. Gari lililosimama usiku huwa na joto chini, na paka hupenda kulala juu ya mtambo wake. Alfajiri gari linaondoka kwenda Dar es Salaam. Dereva wa mtaani kwako agonge boneti kwanza kabla ya kuwasha.

Kuna maswali mawili ambayo watu huona haya kuyauliza. Yaulize.

La kwanza ni sumu. Je, kuna mtu aliyeweka sumu ya panya? Paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kudhurika. Baadhi ya sumu hizo huzuia damu isigande. Mnyama haanguki siku ile ile. Baada ya siku tatu au zaidi huwa mnyonge, hajali chakula, fizi zake hupauka, pengine hutoka damu puani. Ukimkuta hivyo, usimnyweshe mafuta wala maziwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka, na ukiweza chukua pakiti ya sumu ile umwonyeshe, maana matibabu hutegemea aina ya sumu. Jirani aliyetega sumu si adui. Naye amechoshwa na panya. Ila akumbuke kuokota panya waliokufa na kuwafukia chini sana.

La pili ni kuku. Je, paka wako amekula vifaranga vya mtu? Kama ni kweli, lipa. Lipa hata kabla hujampata. Paka wengi wa mitaani huumizwa kwa ajili ya vifaranga na kitoweo, na mwenye kuku ana haki ya kukasirika. Lakini kumpiga mnyama mpaka kumlemaza ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, nayo inakataza ukatili huo. Na ukisikia mtu anasema paka mweusi ni mchawi, mwambie ukweli. Weusi wa paka ni rangi ya manyoya.

Kama aliyepotea ni jike, mtazame tumbo katika kumbukumbu zako. Paka hubeba mimba miezi miwili na siku chache. Siku za kuzaa zikifika hujitenga. Huyo hajapotea, anatafuta pa kuzalia. Ukimwona anapita kula haraka haraka kisha anaondoka, mfuate kwa mbali. Dume naye hutembea sana akisikia jike, na huweza kwenda mitaa mingi. Bwana mifugo anaweza kumhasi, na dume aliyehasiwa hutulia zaidi nyumbani.

Haya, umempata. Yuko chini ya mashua, macho yanawaka. Usimvute mguu! Paka mwenye hofu au maumivu humng'ata hata mwenyewe. Lala chini, sema naye, mwekee dagaa kidogo, mngojee. Akikataa kabisa, mfunike kwa kanga nene au gunia, umbebe ndani yake.

Na akikung'ata au kukuparura, sikiliza sana hapa. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Paka naye hukipata, na jeraha la paka hata dogo linaweza kukileta. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, hesabu kwa saa. Usipake majivu, usipake mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku ile ile, usisubiri kuona kama utaugua. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Sindano za mapema huokoa. Hii ni hasa kwa paka usiyemjua, au paka aliyebadilika tabia, anayetoa mate na kushambulia watu. Huyo usimsogelee. Mwite bwana mifugo. Na paka wako mwenyewe apate chanjo akifika miezi mitatu, kisha irudiwe kama bwana mifugo atakavyoagiza.

Akisharudi, mpe maji kwanza, kisha chakula kidogo kidogo. Mfungie ndani siku mbili tatu mpaka hofu imtoke.

Bado kazi moja. Rudi kwa wote uliowauliza, uwaambie paka amepatikana. Mwambie mchuuzi, waambie watoto, mwambie dereva wa lori. Na yule bibi wa stoo, nenda kwake usiku huu huu. Huenda ameacha mlango wa stoo wazi ili paka wako apate njia ya kutoka, na panya wanaingia.